Umbali wa Kuazima

"Hizo dakika ishirini ni za kweli, au ni za fundi cherehani?"

Bi Tupokigwe alimuuliza binti yake swali hilo kwa simu, akiwa ameshaketi ndani ya ndege, kiti cha dirishani, na kapu la ndizi miguuni. Wahudumu walikuwa wamemwomba aliweke juu pamoja na mizigo ya wenzake, naye akawajibu kwamba ndizi za Tukuyu hazilazwi kichwa chini. Alikuwa na miaka sabini na mbili na hakuwahi kupanda ndege. Lakini binti yake mdogo alikuwa amejifungua kule Mwanza, na mjukuu hawezi kuogeshwa na majirani wakati bibi mzaa mama yu hai na ana mikono miwili.

"Za kweli, mama," Atuganile alimjibu. "Hutamaliza hata sala, uko Mwanza."

"Mimi nasali kwa kirefu."

"Basi leo fupisha."

Mama akacheka. Akasema anaona bawa la ndege linatikisika, kwani hilo ni la kawaida? Atuganile akamwambia ni la kawaida, asiliangalie. Yeye mwenyewe alikuwa mita mia tatu tu kutoka pale ndege ilipokuwa, juu kwenye mnara wa uwanja wa Mbeya. Angesimama dirishani angeiona, ila kazi yake haikuwa ya kutazama dirishani. Atuganile alikuwa mshika njia.

Sasa hapa inabidi nikueleze, maana kuna watu mpaka leo wanapanda ndege hizi bila kujua wanachopanda. Kutoka Mbeya hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita mia saba na ushee. Zamani ndege ilitumia saa moja na nusu hivi. Shirika la Njia Fupi likaja na mkunjo, safari ikawa dakika ishirini, na watu wakashangilia kama wanavyoshangilia kila kitu cha haraka bila kuuliza kimetoka wapi. Umbali haufi, ndugu yangu. Ukiutoa hapa, lazima uuweke pale. Kila asubuhi mshika njia aliuchukua umbali wa Mbeya na Mwanza akaulaza juu ya njia nyingine ya angani, njia ambayo siku hiyo haina ndege, na jioni akaurudisha mahali pake. Anayetembea chini kwa miguu au kwa gari hakuhisi lolote. Lakini anayeruka juu ya njia hiyo, safari yake hurefuka mara tatu, na macho yake hayamwonyeshi kwa nini.

Njia inayobebeshwa hivyo wafanyakazi waliiita punda. Jumanne hiyo punda alikuwa njia ya Kasulu na Tabora.

Kabla ya kumtwisha punda ilikuwa sheria kubisha hodi redioni, mara tatu, kwa kungoja kidogo kati ya hodi na hodi. Kama kuna rubani huko juu, anataja ndege yake na mahali alipo. Kama hakuna, mtunza njia wa Tabora anasema, "Njia nyeupe." Ndivyo walivyofundishwa. Lakini yule mtunza njia wa Tabora alikuwa mtu wa maneno mazuri, na kwa muda mrefu alikuwa ameacha kusema njia nyeupe. Akibishiwa hodi alijibu tu, "Karibu." Hakuna aliyemsahihisha, maana ungeanzaje kumkemea mtu kwa kuwa na adabu?

Saa mbili asubuhi ile Atuganile alibisha. "Hodi njiani, Kasulu na Tabora. Hodi. Hodi." Alizitoa zote tatu kwa pumzi moja, kama jirani anayebisha huku ameshavua viatu. Sauti ya mwanaume ikajibu kwa mbali, imejaa mikwaruzo: "Karibu." Hakungoja sauti nyingine, akaulaza umbali, akanywa chai.

*

Ndege ya Bi Tupokigwe iliingia kwenye mkunjo saa tatu na nusu, ikiwa na watu tisini na wawili. Kapteni Saumu Mtopa aliripoti kwamba ndani ni shwari. Zilipita kama dakika tatu, ndipo redio ya upande wa pili ikaanza kukwaruza.

"Tabora, Tabora, mnanisikia? Tabora, mmehamia wapi?"

Atuganile aliitazama redio ile. Upande ule haukutakiwa kuwa na mtu.

"Unayeita Tabora, hapa ni Mbeya, mshika njia. Wewe ni nani?"

"Mimi Ezra Ntakije, rubani wa ndege ya wagonjwa, natoka Kasulu. Dada, kwa saa yangu nilitakiwa niwe nimeshatua. Kwa macho yangu bado niko porini. Huu msitu hauishi."

Atuganile aliangalia saa ya ukutani. Alishika ukingo wa meza.

"Uliruka saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro robo. Safari ya dharura, sikuwa kwenye ratiba."

"Saa mbili nilibisha hodi kwenye njia hiyo. Hukunisikia?"

"Nilikusikia vizuri."

"Mbona hukujibu, kaka yangu?"

"Nilijibu," Ntakije alisema. "Nilisema karibu."

Usimlaumu haraka. Ezra Ntakije alikuwa mtu wa Heru Juu, huko huko Kasulu, na nyumba aliyokulia, mtu akibisha hodi anakaribishwa kwanza, maswali yanafuata akishakaa. Ilikuwa wiki yake ya pili kwenye kazi ile. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na nyuma yake mwanamke alikuwa analia kwa uchungu. Ikapigwa hodi, naye mdomo ukajibu wenyewe kama alivyolelewa na mama yake. Na Atuganile, kwa upande wake, akalisikia neno alilozoea kulisikia, hakuisikiliza sauti.

"Una nani humo ndani?" aliuliza.

"Tuko watatu. Mimi, nesi, na mgonjwa. Anaitwa Yusta, ana miaka kumi na tisa, uchungu umemshika tangu jana na mtoto ametanguliza mkono. Nesi anasema asipopasuliwa asubuhi hii tunawapoteza wote wawili. Dada, mmenifanya nini?"

Alimwambia. Hakumficha, na sijui kama ningekuwa mimi ningeweza. Alimwambia kwamba yuko juu ya umbali usio wake, kwamba Tabora iko mbele yake kwa saa mbili nyingine, na kwamba kugeuza hakumsaidii kwa sababu nyuma nako kumerefuka vilevile. Chini yake palikuwa na miombo na mabwawa, hata uwanja wa mpira hakuna.

"Mafuta yako yatakuchukua muda gani?"

"Dakika hamsini, nikiyabembeleza."

"Nikikuondolea huu umbali sasa hivi, kwa hapo ulipofika, Tabora itakuwa dakika arobaini."

"Basi niondolee, dada. Unangoja nini?"

*

Alichokuwa anangoja kilikuwa kimeketi dirishani na kapu la ndizi.

Umbali ukitoka kwa punda hauna pa kwenda ila kwake, na kwake ni kule ndani ya mkunjo alimokuwa Kapteni Mtopa. Kilomita zote zile zingerudi kwa mpigo mmoja, mbele ya ndege na nyuma yake. Shirika lilikuwa limejaribu jambo hilo mara tano, kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Nne zilitokea salama. Ya tano mpaka leo hakuna aliyeiona, wala bawa lake, wala msumari wake. Toka hapo ikawa marufuku kuurudisha umbali mtu akiwa ndani, na mkono wa kurudishia kwa mpigo, si ule wa kila jioni, ukapakwa rangi nyekundu.

Bwana Rweyongeza, meneja wa zamu, aliingia na kikombe chake mkononi, akasikiliza habari yote amesimama. Alikuwa mtu mwema, tuseme ukweli. Ila wema wake ulikuwa wa kufuata taratibu, na taratibu hazikuandikwa kwa ajili ya siku kama ile.

"Nani alisema karibu?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe, mzee. Mimi nikadhani ni Tabora."

"Hukuisikia sauti kwamba si ya Tabora?"

"Sikuisikiliza. Nilisikia karibu, nikaingia."

Rweyongeza aliweka kikombe chini. "Mtopa anatoka lini kwenye mkunjo?"

"Bado dakika kumi na sita."

"Akitoka, rudisha."

"Ntakije ana dakika kumi za ziada. Zikipita, hafiki."

"Basi hafiki," Rweyongeza alisema, na alilisema taratibu sana, kama anayemfunika mtu shuka. "Hawa watatu, Atu. Wale ni tisini na wawili."

"Ndege nne kati ya tano zilitoka, mzee."

"Ungempandisha mwanao ndege ya namna hiyo? Nne zinafika, moja haifiki?"

"Ile ya tano ilikuwa mdomoni mwa mkunjo. Zile nne zote zilikuwa ndani kabisa. Ndege ikiwa katikati, umbali unafunguka sawasawa mbele na nyuma, hauivuti upande mmoja. Mtopa atafika katikati baada ya dakika sita. Nikirudisha hapo hapo, Ntakije bado ana nafasi."

"Hayo walisema wahandisi wawili. Wengine watatu walisema zile nne zilipona kwa bahati tu. Nilikuwepo kwenye kikao." Alivuta kiti akaketi karibu naye, uso kwa uso. "Nikuulize kitu, na usinikasirikie. Kama kosa lingekuwa la mwingine, ungeushika huo mkono? Au unataka kunawa mikono yako kwa roho za watu wasiokujua?"

Swali lilimchoma. Alijitafuta moyoni aone kama kweli anamwonea huruma Yusta, au anajionea huruma yeye, Atuganile, aliyelisikia neno asiisikilize sauti. Alikuta vyote viwili vimelala kitanda kimoja na hakuweza kuvitenganisha.

"Mama yangu yumo kwenye ndege ya Mtopa," alisema.

"Basi mwache mama afike," Rweyongeza alisema. "Hakuna atakayekulaumu."

Na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe, kwamba hakuna ambaye angemlaumu. Mama angefika Mwanza, angemwogesha mjukuu, angesimulia wiki nzima habari za bawa lililotikisika. Ndege ndogo ya wagonjwa ingeangukia porini, kama ndege ndogo zinavyoanguka, na wangeandika kwamba rubani alikuwa mgeni kazini, hakufuata utaratibu wa kujibu. Punda afe, mzigo ufike. Wahenga walilisema hilo kwa uchungu, na watu wa Njia Fupi walikuwa wamelifanya ndiyo kazi yao.

"Mbeya," sauti ya Ntakije ilikwaruza. "Nesi anauliza, amwambie nini mgonjwa?"

Atuganile alibonyeza kitufe. Nyuma ya sauti ya rubani alimsikia Yusta, si kwa kulia tena, bali kwa mguno mfupi mfupi wa mtu aliyechoka kulia. Mguno ule alikuwa anaujua. Mwenyewe alikuwa amezaa mara mbili.

"Mwambie avumilie kidogo," alisema. "Mwambie nipo."

Akachukua simu yake. Jina la mama lilikuwa juu kabisa, ndiye mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Alijua kwamba simu ile haikuzimwa kwa sababu Bi Tupokigwe hakujua kuizima, na humo ndani ya mkunjo simu zilishika vizuri. Angepiga ingeita. Angesema, mama, kuna binti hapa, hali yake ni hii na hii, na mimi nataka kufanya hivi na hivi. Kidole kilikaa juu ya lile jina. Lakini ukimuuliza mmoja inabidi uwaulize tisini na wawili, na nani ana muda huo. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliogopa. Akisema hapana, je? Na akisema ndiyo, kisha ndege isionekane, ataishije na ile ndiyo masikioni?

Aliiweka simu kifudifudi mezani, akamwita Mtopa.

*

"Kapteni, nina jambo, na halina muda," alisema, akamweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

Kapteni Saumu Mtopa alikuwa mwanamke wa Lindi, ameruka miaka ishirini kabla ya mkunjo na minne ndani yake. Hakumkatiza hata mara moja. Aliposikia yote alivuta pumzi puani.

"Meneja wako anasemaje?"

Atuganile alimgeukia Rweyongeza. Rweyongeza alikuwa amesimama, anakitazama kikombe chake kana kwamba kuna mtu kamnywea chai. Kisha akafunga kifungo cha koti.

"Hili ni jambo la makao makuu," alisema. "Naenda kuomba ruhusa." Akatoka. Simu ya makao makuu ilikuwa pale pale mezani, karibu kabisa na mkono wa Atuganile, na wote wawili walikuwa wanaiona. Aliuacha mlango wazi.

"Ameenda kuomba ruhusa," Atuganile alimwambia kapteni.

"Nimeelewa," Mtopa alisema. "Nina watu tisini na wawili nyuma yangu, dada."

"Najua. Mmoja wao ni mama yangu."

"Hilo usiniambie, halinisaidii. Niambie kama itafanya kazi."

"Sijui, kapteni. Nadhani itafanya."

"Nikisema hapana?"

"Ukisema hapana nitauacha ule mkono. Siwezi kukufanyia hivyo wewe bila kukuambia."

Kwenye skrini alama ya ndege kubwa ilizidi kusogea kuelekea katikati ya mkunjo. Atuganile alihesabu moyoni, akapotea, akaanza upya.

"Dada yangu mkubwa alifia njiani," Mtopa alisema hatimaye, na sauti yake haikubadilika. "Nachingwea kwenda Lindi, kwenye mkokoteni, na mtoto tumboni. Sikuambii ili unionee huruma, nakuambia ujue kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hili na kutoa jibu la haki. Vuta. Utanihesabia kwanza?"

"Nitakuhesabia. Abiria utawaambia?"

"Nitawaambia wafunge mikanda, kuna upepo mbele. Nikiwaambia ukweli watasimama, na ndege yenye watu waliosimama siirushi mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Wanawake wawili, mmoja na hatia yake na mwingine na msiba wake, wakaamua kwa niaba ya ndege nzima. Atuganile alimwambia Ntakije ashike usukani sawasawa na asiogope atakachokiona. Akasimama, maana mkono ule mwekundu ulikuwa mgumu, haukuvutwa toka siku ulipopakwa rangi ile. Aliushika kwa mikono yote miwili.

"Tano," alisema. "Nne. Tatu." Mama, nisamehe. "Mbili. Moja."

Akavuta.

Alama zote mbili zilitoweka kwenye skrini. Zilitoweka kabisa, kubwa na ndogo. Redio zote mbili zikawa kimya, na mnarani pakasikika feni tu inavyozunguka. Atuganile alibaki ameushikilia ule mkono, hakukumbuka kuuachia. Alijaribu kusali akakuta maneno yamemwishia, lililobaki ni jina la mama yake tu, akawa analirudia.

Ndogo ndiyo iliyotangulia.

"Mbeya! Naona reli. Naona reli ya Tabora chini yangu, dada, na barabara naiona." Ntakije alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mungu akubariki. Dakika arobaini, nafika. Nafika."

"Nenda, kaka," Atuganile alisema, lakini macho yake yalikuwa kwingine. "Kapteni Mtopa. Kapteni, hapa Mbeya." Hakuna kitu. "Kapteni Mtopa, nijibu."

Aliita tena, na tena. Nyuma yake alisikia viatu vya Rweyongeza vikifika mlangoni na kusimama hapo. Hapo ndipo Atuganile alipoelewa, kwa mwili mzima na si kwa akili tu, alichokuwa amekifanya. Alikuwa amewacheza watu tisini na wawili kama kete, na mama yake akiwa mmojawapo.

"...eya. Mbeya." Sauti ilikuja imekatikakatika. "Mtopa hapa. Nipo. Tumetikiswa kama maharage kwenye ungo, lakini tupo. Niko kusini mwa Tabora, uwanja uko karibu, na mafuta yananitosha kufika hapo tu. Nashuka Tabora."

Atuganile aliketi chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Makao makuu wamekataa," Rweyongeza alisema kutoka mlangoni.

"Nimeshaurudisha, mzee."

"Najua," alisema. "Nao hata sijawapigia simu bado."

*

Mchana walimsimamisha kazi, kwa heshima, na wakamwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Alikuwa amekaa nyumbani, viatu bado miguuni, simu ya mama ilipoingia.

"Niko hospitali hapa Tabora," Bi Tupokigwe alisema. "Usishtuke, mimi mzima. Sisi tulitua kwanza. Watu wakawa wanapiga kelele wanataka nauli zao, mara kikaja kindege kidogo, kikamshusha yule binti. Nesi alikuwa peke yake, amechoka, anashika chupa ya maji kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mwingine. Nikamwambia, lete nishike. Nikapanda nao gari la wagonjwa. Ndizi zangu zimebaki uwanjani, sijui nani anazila."

"Yusta anaendeleaje, mama?"

"Kumbe unamjua jina." Mama alivuta pumzi. "Amepona. Wamempasua, yupo, ameamka, anauliza maswali. Mtoto hakuwahi. Daktari anasema wangefika saa moja kabla wangemkuta."

Saa moja kabla. Atuganile aliziba mdomo kwa kiganja, lakini sauti ikapita tu. Alilia, na mama yake kule Tabora akamwacha alie, kama alivyokuwa akimwacha tangu utotoni, maana hakuwa mtu wa kumnyamazisha mwenye haki ya kulia.

"Yule kijana wa kindege ametueleza mambo yote," Bi Tupokigwe alisema alipoona amepungua. "Habari za umbali na nini. Sikuelewa kila kitu, lakini nimeelewa. Atu."

"Naam, mama."

"Ulipokivuta hicho kitu, ulijua nimo ndani?"

Angeweza kusema kwamba alichanganyikiwa, kwamba hakukumbuka. "Nilijua."

"Na simu yangu ilikuwa wazi."

"Nilijua, mama. Niliishika, sikupiga."

Kule kwenye simu alisikia korido ya hospitali, ndoo ikiburutwa, mtu akiita jina la mtu.

"Mimi ningekubali. Ukongwe huu nilionao, na yule binti hata miaka ishirini hajafika, ningekubali hujamaliza kusema. Na baba mmoja niliyekaa naye kiti cha pembeni, mtu wa Shinyanga, naye amesema angekubali. Mwingine amesema asingekubali kabisa, ana watoto watano, na mimi sikumwona mbaya. Lakini wewe hukutuuliza. Tumebebwa tu. Ningekubali, mwanangu, ndiyo maana ungeniuliza."

Atuganile aliinama akavua viatu.

"Ndege ya Mwanza wanasema ipo kesho, ya kawaida," mama aliendelea. "Nimewaambia waipande wao. Kuna basi la alfajiri, ni mwendo wa kutwa, nitafika nimevimba miguu. Nimeshamwambia mdogo wako amwogeshe mtoto mwenyewe mpaka nifike."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe," Bi Tupokigwe alisema. "Ila ngoja nifike kwanza. Ni mbali."